Kongo 1960–1965: Uhuru ulivyogeuka uwanja wa Marekani na Urusi (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Kila inapofika Januari 17, siku aliyouawa Patrice Lumumba, maswali yaleyale huibuka vijiweni na madarasani. Hapa yamekusanywa na kujibiwa moja moja, ili hata anayetaka jibu la swali moja tu alipate kamili. Majina ya miji yameachwa kama yalivyokuwa wakati ule: Léopoldville ndiyo Kinshasa ya leo, Stanleyville ni Kisangani, na Elisabethville ni Lubumbashi.

## Mwanzo wa mambo

1. Kongo ilipataje uhuru, na mbona ghafla vile?

Katikati ya miaka ya 1950, msomi mmoja wa Kibelgiji, Van Bilsen, alipendekeza mpango wa kuiachia Kongo uhuru baada ya miaka 30. Wakubwa wengi wa Brussels walimwona ana pupa. Kisha tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa ABAKO, chama cha Wabakongo wa magharibi mwa nchi, ulipigwa marufuku Léopoldville, watu wakaingia mitaani, na makumi wakauawa. Ubelgiji ikashtuka. Haikutaka vita kama ile ya Wafaransa kule Algeria.

Januari 1960 viongozi wa Kongo waliitwa Brussels kwenye mkutano wa meza ya duara, na tarehe ikapangwa: Juni 30 mwaka huohuo. Miaka 30 ikawa miezi mitano. Katika uchaguzi wa Mei, MNC, chama cha Lumumba, ilipata viti 33 kati ya 137, vingi kuliko chama kingine chochote lakini mbali na wingi wa kutosha. Ikabidi kuungana: Lumumba akawa Waziri Mkuu, Joseph Kasavubu wa ABAKO akawa Rais.

2. Wakongo walikuwa wameandaliwa kujitawala?

Hapana, na haikuwa bahati mbaya. Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika kwa majina. Jeshi la kikoloni, Force Publique, lilikuwa na askari wapatao 25,000, na maofisa wake wote walikuwa Wabelgiji. Hakukuwa na luteni hata mmoja Mkongo.

Anayetaka kuelewa yote yaliyofuata aanzie hapo. Tarehe 5 Julai 1960, siku ya tano ya uhuru, kamanda wa jeshi Jenerali Émile Janssens aliwakusanya askari Léopoldville akaandika ubaoni: kabla ya uhuru = baada ya uhuru. Askari waliona mawaziri wamepata magari na nyumba, wao wakaambiwa hakuna kinachobadilika. Siku hiyohiyo uasi ukaanza, ukafika kambi ya jeshi ya Thysville, ukasambaa. Wazungu walipigwa, baadhi ya wanawake walibakwa, na maelfu ya Wabelgiji wakakimbia nchi, wakiwamo madaktari, mahakimu na mafundi wa mitambo. Serikali ya siku chache ikabaki bila jeshi linalotii na bila watu wa kuendesha ofisi.

3. Katanga ilijitenga kwa nini?

Kwa sababu ya shaba, kwa kifupi. Tarehe 10 Julai Ubelgiji iliingiza wanajeshi wake bila idhini ya serikali ya Kongo, ikisema inakuja kuokoa raia wake. Kesho yake Moïse Tshombe akatangaza Katanga ni nchi huru. Wanajeshi wa Kibelgiji wakamlinda, maofisa wa Kibelgiji wakamjengea jeshi, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikamlipa yeye kodi iliyopaswa kwenda Léopoldville. Agosti, Albert Kalonji naye akaitangaza Kasai Kusini, jimbo la almasi.

Hakuna nchi yoyote iliyoitambua Katanga rasmi, hata Ubelgiji. Haikuhitaji kutambuliwa. Fedha za madini zilikuwa zinaingia, na serikali ya Lumumba ilikuwa imekatwa mkono wa kulia kabla haijatimiza wiki mbili.

## Nani alimwita nani

4. Si Lumumba ndiye aliyewaita Warusi?

Hili ndilo swali linalojibiwa vibaya kuliko yote, kwa hiyo tufuate tarehe.

Tarehe 12 Julai, Lumumba na Kasavubu wakiwa safarini mikoani, mawaziri waliobaki Léopoldville walimwendea balozi wa Marekani wakaomba askari 3,000 wa Kimarekani. Naam, wa Kimarekani. Rais Eisenhower alikataa, akasema waende Umoja wa Mataifa. Siku hiyohiyo Lumumba na Kasavubu nao walipeleka telegramu Umoja wa Mataifa kuomba majeshi dhidi ya uvamizi wa Ubelgiji. Tarehe 14 Julai, Baraza la Usalama lilikubali, na wakati huohuo viongozi hao wawili wakamwandikia Nikita Khrushchev wakimwomba afuatilie hali kwa karibu. Telegramu hiyo ina majina ya wote wawili. Kasavubu, ambaye baadaye alionekana mtu wa Magharibi, hakuwa pembeni.

Mwishoni mwa Julai Lumumba alisafiri hadi Washington. Eisenhower hakuonana naye, ila Waziri wa Mambo ya Nje Christian Herter. Aliomba msaada, akaambiwa tena msaada wote upitie Umoja wa Mataifa. Ndipo Agosti zikaja ndege za Ilyushin na malori kutoka Moscow, akavitumia kusafirisha askari kwenda Kasai kuuzima utengano.

Kwa hiyo mlango wa Warusi ulikuwa wa mwisho kubishwa. Mtu ambaye nyumba yake imevamiwa hupiga kelele kwa yeyote aliye karibu, na waliokaribiwa kwanza walikataa.

5. Lumumba alikuwa mkomunisti?

Hakuwa. Alikuwa karani wa posta Stanleyville, mfanyabiashara wa bia, msemaji hodari wa Kifaransa, Kiswahili na Lingala, na mzalendo aliyetaka Kongo moja isiyogawanywa kikabila. Mkutano wa vyama vya Afrika nzima uliofanyika Accra Desemba 1958 ulimkutanisha na Kwame Nkrumah, na huko ndiko siasa zake zilikopata mwelekeo. Alisema mara nyingi kwamba hafuati kambi yoyote.

Tatizo ni kwamba mwaka 1960 Washington haikuwa na sikio la kusikia msimamo kama huo. Fidel Castro alikuwa ameshika Cuba mwaka mmoja na nusu tu nyuma, na kila kiongozi mpya mwenye maneno makali alipimwa kwa kipimo cha Castro.

6. Marekani ilikuwa inatafuta nini Kongo?

Madini, nafasi, na heshima ya mshirika wake. Urani ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa kutengeneza mabomu ya atomiki ya mwaka 1945. Kufikia 1960 urani ilikuwa inapatikana pengine, lakini Kongo bado ilikuwa mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani, na kobalti inaingia kwenye injini za ndege za kivita. Nchi yenyewe iko katikati ya bara na inapakana na makoloni na nchi tisa. Tena Ubelgiji ni mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, na uwanja mkuu wa Marekani wa kupambana na Urusi ulikuwa Ulaya, si Afrika.

Lakini ukisoma nyaraka za wakati ule zilizofunguliwa, kinachojitokeza zaidi ya madini ni hofu: kwamba Urusi ikipata Léopoldville, itapata Afrika ya Kati yote. Hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko uwezo halisi wa Urusi (tazama swali la 10).

7. Umoja wa Mataifa ulikuwa upande gani?

Ulikuja kwa jina la kutopendelea. Kikosi chake, ONUC, kilifikia karibu askari 20,000, wengi kutoka nchi kama Ghana, Tunisia, Morocco, Ethiopia na India. Kiliwaondoa Wabelgiji sehemu nyingi, na bila hicho njaa na magonjwa vingeua wengi zaidi.

Hata hivyo Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikataa kutumia nguvu kuingia Katanga, akisema huo ni mgogoro wa ndani. Kwa Lumumba hilo lilikuwa usaliti, na ni vigumu kumlaumu: alikuwa ameomba msaada dhidi ya uvamizi, sasa waliokuja kumsaidia walikuwa wanamzuia kuufikia. Septemba, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa Andrew Cordier alifunga viwanja vya ndege na kituo cha redio cha Léopoldville. Kasavubu alikuwa na rafiki ng'ambo ya mto, Brazzaville, aliyempa redio. Lumumba, ambaye silaha yake kubwa ilikuwa sauti yake, alinyamazishwa.

Hammarskjöld mwenyewe alikufa usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, akienda kuzungumza na Tshombe. Utengano wa Katanga ulimalizwa kwa nguvu na majeshi ya Umoja wa Mataifa Januari 1963, yaani jambo aliloliomba Lumumba lilifanyika miaka miwili baada ya yeye kuuawa.

## Kuanguka na kuuawa kwa Lumumba

8. Nini hasa kilitokea Septemba 1960?

Tarehe 5 Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba. Lumumba naye akatangaza kumfukuza Kasavubu. Bunge na Seneti vikasimama na Lumumba. Tarehe 14, mkuu wa majeshi Kanali Joseph-Désiré Mobutu, aliyewahi kuwa sajini wa Force Publique kisha mwandishi wa habari, akasema amewaweka wote wawili kando. Kwa vitendo aliyewekwa kando ni mmoja. Balozi za Urusi na Czechoslovakia zilipewa saa 48 kuondoka. Nyuma ya Mobutu kulikuwa na fedha na ushauri wa Larry Devlin, mkuu wa CIA (shirika la ujasusi la Marekani) mjini humo, kama Devlin mwenyewe alivyokuja kueleza baadaye.

9. Nani alimuua Lumumba: CIA, Ubelgiji, au Wakongo?

Jibu la neno moja litapotosha, kwa hiyo tenganisha mambo mawili: mpango na tendo.

Mpango wa Marekani ulikuwapo. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilichunguza na kuthibitisha. Mwandishi wa kumbukumbu aliyekuwapo kwenye kikao cha Agosti 18, 1960 alishuhudia kwamba alimwelewa Eisenhower kuwa ameagiza Lumumba auawe, ingawa wengine waliokuwapo hawakuelewa hivyo. Tarehe 26 Agosti mkuu wa CIA Allen Dulles alimwandikia Devlin kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka na la kwanza. Septemba, mkemia wa CIA Sidney Gottlieb alileta sumu Léopoldville. Haikutumika. Devlin alisema aliitupa mtoni.

Tendo lilifanywa na wengine. Lumumba alikuwa kizuizini nyumbani kwake, akizungukwa na walinzi wa Umoja wa Mataifa, na nje yao askari wa Mobutu. Novemba 27 alitoroka kuelekea Stanleyville kwa wafuasi wake. Njiani alisimama kuhutubia wanakijiji, akachelewa, akakamatwa karibu na mto Sankuru. Januari 17, 1961 alipandishwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakipigwa njia nzima, wakapelekwa Elisabethville kwa maadui zao. Usiku huo walipigwa risasi mbele ya Tshombe, mawaziri wake na maofisa wa Kibelgiji. Waziri wa Kibelgiji wa mambo ya Afrika, d'Aspremont Lynden, alikuwa tayari ameandika Oktoba kwamba lengo ni kumwondoa Lumumba moja kwa moja, na ndiye aliyesisitiza apelekwe Katanga.

Miili ilikatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali. Mmoja wa polisi wa Kibelgiji walioifanya kazi hiyo alibaki na jino la Lumumba. Ubelgiji iliirudishia familia jino hilo Juni 2022. Bunge la Ubelgiji lilikuwa limekiri mwaka 2001 kwamba nchi hiyo ina dhima ya kimaadili, na serikali ikaomba radhi mwaka uliofuata.

Basi: Wakongo walimkamata na kumpeleka, Wakatanga na Wabelgiji walimuua, na Marekani ilijenga hali ambamo kila mmoja wao aliamini hatazuiwa. John Kennedy aliapishwa siku tatu baadaye. Habari za kifo zilitangazwa Februari 13.

10. Warusi walikuwa wapi wakati huo?

Mbali. Khrushchev alipiga kelele Umoja wa Mataifa, akampa Lumumba heshima ya jina la chuo kikuu Moscow, na akaitambua serikali ya Antoine Gizenga iliyokaa Stanleyville. Lakini hakuwa na kambi ya kijeshi Afrika wala ndege za kufika huko bila vituo vya njiani, na Sudan ilikataa mizigo ipite. Wamarekani walikuwa na pesa taslimu mjini Léopoldville, watu waliozoeana na wakubwa, na Umoja wa Mataifa uliobebwa na ndege zao. Ilikuwa kushindana kusiko na usawa, na anayesema Kongo iliponyoka kidogo kuangukia Moscow anazidisha.

## Miaka ya Simba

11. Simba walikuwa akina nani?

Waasi wa mashariki mwa Kongo wa mwaka 1964, wengi wao vijana waliozungumza Kiswahili, wakijiita warithi wa Lumumba. Viongozi wao ni Gaston Soumialot, Christophe Gbenye, Nicolas Olenga, na kijana mmoja wa huko Katanga, Laurent Kabila. Magharibi, jimbo la Kwilu, Pierre Mulele alikuwa na uasi wake. Walipewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, wakaingia vitani wakilitaja jina la Mulele, na askari wa serikali mara nyingi walikimbia kabla ya kupigana. Tarehe 5 Agosti 1964 waliteka Stanleyville.

Chanzo chao kilikuwa njaa ya uhuru ulioahidiwa na haukuonekana: mishahara ya wakubwa, shule bila walimu, askari wanaopora. Lakini walipofika mijini waliwaua makarani, walimu na wanasiasa wa Kikongo kwa wingi, hasa Stanleyville. Kuwatetea hakuhitaji kulificha hilo.

12. Ilikuwaje ndege za Marekani zikashusha Wabelgiji Stanleyville?

Tshombe, yuleyule wa Katanga, alifanywa Waziri Mkuu wa Kongo nzima Julai 1964. Akaajiri mamluki wa Kizungu, wengi kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, chini ya Mike Hoare. Marekani ilitoa ndege za kivita zilizorushwa na wakimbizi wa Cuba waliolipwa na CIA, watu waliomkimbia Castro wakaja kupiga mabomu Kivu.

Simba waliposhindwa vitani waliwashika wageni zaidi ya elfu moja kama mateka. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeunda tume ya upatanishi chini ya Jomo Kenyatta, na Nairobi kulikuwa na mazungumzo kati ya balozi wa Marekani William Attwood na Thomas Kanza wa upande wa Simba. Kabla hayajafika popote, Novemba 24, 1964 ndege za C-130 za Marekani zilishusha askari wa miavuli wa Ubelgiji Stanleyville. Mateka wengi waliokolewa, makumi waliuawa siku hiyo, na Wakongo waliokufa mitaani wiki zilizofuata, mikononi mwa jeshi na mamluki, walikuwa maelfu. Viongozi wa Afrika, Nyerere na Kenyatta wakiwamo, walilaani vikali. Kilichowauma ni kwamba walikuwa mezani wakizungumza.

13. Che Guevara alipita kweli Kigoma?

Alipita. Mwanamapinduzi huyo, mwenzake Castro, alikuja kuwasaidia Simba. Aliingia Dar es Salaam kwa jina la bandia, akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma usiku, akafika Kibamba, upande wa Kongo, Aprili 24, 1965. Wacuba wake walipewa majina ya kuhesabu kwa Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo Mbili, naye Che akawa Tatu. Walikuwa zaidi ya mia moja, wengi weusi.

Miezi saba baadaye, Novemba 21, walirudi Kigoma wakiwa wameshindwa. Makamanda wa Kikongo walikuwa Dar au Cairo, Kabila alikuja mstari wa mbele kwa siku chache tu, na CIA ilikuwa na boti ziwani zikiwavizia wavukao. Tanzania yenyewe iliwaomba Wacuba waondoke, kwa kuwa Tshombe alikuwa ameshaondolewa na nchi za Afrika zilikubaliana kusitisha misaada kwa waasi.

14. Mwisho wake nani alishinda?

Novemba 24, 1965, siku tatu baada ya Che kuvuka ziwa, Mobutu alichukua nchi yote. Marekani ilipata rafiki aliyekaa karibu miaka 32. Urani haikuibiwa na Warusi. Wakongo walipata Zaire, na walipomwondoa Mobutu Mei 1997, aliyeingia Kinshasa alikuwa Laurent Kabila.

## Maswali magumu zaidi

15. Wakongo wenyewe hawana lawama?

Wanayo. Kasavubu na Lumumba walishindwa kukaa meza moja miezi mitatu. Askari waliopelekwa Kasai na Lumumba waliua raia Wabaluba mjini Bakwanga, Kasai Kusini, mwishoni mwa Agosti 1960, na hilo lilimpotezea marafiki aliokuwa akiwahitaji. Mobutu alikuwa rafiki yake wa karibu. Tshombe alikuwa Mkongo.

Hata hivyo kuna kutofautiana na kuna kununuliwa. Ugomvi wa Rais na Waziri Mkuu hutokea kila nchi. Usipoishia bungeni ni kwa sababu kuna anayelipa mishahara ya askari nje ya bunge.

16. Mbona Tanganyika haikupatwa na haya?

Ilikaribia. Januari 20, 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi kwa sababu ileile ya Thysville: mishahara na maofisa wa Kizungu. Kenya na Uganda nazo zikatikisika wiki hiyohiyo. Nyerere alijificha siku mbili, kisha kwa aibu kubwa, na hakuificha aibu hiyo, akawaita Waingereza, ambao walimaliza uasi Januari 25.

Tofauti tatu zinaonekana. Kwanza, hapakuwa na Katanga: hakuna jimbo lenye kampuni ya kigeni ya kumlipa mtu ajitenge. Pili, TANU ilikuwa chama cha nchi nzima, si muungano wa vyama vya majimbo. Tatu, Nyerere alikuwa ameshaiona Kongo. Hakuwaacha Waingereza wakae: Februari aliwaita mawaziri wa Afrika Dar es Salaam, na kikosi cha Nigeria kikaja kuchukua nafasi yao. Jeshi la zamani alilivunja lote. Jipya, JWTZ, lilianzishwa Septemba 1, 1964 kwa vijana walioteuliwa kupitia TANU, na wakufunzi wake wakatoka China na Canada, kambi mbili zisizopatana, ili asimtegemee yeyote peke yake.